Wimbo wa Kutwanga Ndani ya Gemu

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kutengeneza gemu za simu, pamoja na wazazi na walimu wao, Dar es Salaam

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nawashukuru walioniita, na nawashukuru zaidi kwa kuniwekea kinanda hapa pembeni, maana kuna mambo leo nitayaeleza vizuri kwa vidole kuliko kwa mdomo.

Nianze na kibanda cha gemu kilichokuwa mtaani kwetu Temeke, miaka ile ya TV za chogo. Mwenye kibanda alikuwa na TV nne zimepangwa ukutani, na zote zikiachwa zilie kwa pamoja humo ndani hapakaliki. Kwa hiyo alizima sauti za tatu, akaacha moja tu iliyokuwa karibu na mlango ili ivute wateja. Watoto waligombea ile ya mlangoni kila siku. Mimi nilidhani wanagombea kuonekana na wapita njia.

Siku moja nikasimama nyuma ya mtoto wa miaka kama kumi. Amekaa kwenye TV isiyo na sauti, anacheza Super Mario Bros. kwa moja ya zile mashine za kaseti zilizoigizwa kutoka Famicom, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo ya Japani. Nikasikia anaimba. Anaimba wimbo wenyewe wa gemu, kwa puani, wala hajui kama anaimba. Mario akikimbia, wimbo unakwenda. Akisimama ukingoni mwa shimo, wimbo unakatika. Akiruka akavuka, wimbo unaendelea palepale ulipokatikia. Kisha ghafla Mario akafa, na hapakuwa na adui wala shimo. Mtoto akanigeukia: "Anko, mbona amekufa na hakuna aliyemgusa?"

Muda ulikuwa umekwisha. Katika gemu ile, saa ikishuka chini ya 100, muziki unakatika, linapigwa onyo fupi, halafu wimbo uleule unarudi mbio mbio. Huna haja ya kuitazama namba iliyoko juu ya kioo, masikio yanakuambia. Yule mtoto wimbo alikuwa nao, ila ni wimbo aliojipigia mwenyewe, na wimbo unaojipigia mwenyewe hauwezi kukupa habari usiyokuwa nayo.

Dakika ile nimeitafakari kwa miaka mingi. Mtoto alijiimbia kwa sababu kuna kitu alikihitaji ili akae ndani ya mchezo, na alipokikosa akakitengeneza kwa pua yake. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya muziki wa gemu: kumshika mchezaji. Kazi ya pili ni kumpasha habari. Zote mbili zinafanyika bila kumwomba ageuze macho hata kidogo. Nimekuja kuwaambia ninyi mnaotengeneza gemu kwamba muziki wa chinichini ni chombo cha kazi, kama usukani, na mtu hasubiri kuufunga usukani siku gari linapokwenda sokoni.

Na sisi si wageni wa jambo hili. Bibi yangu, Pangani, alikuwa akitwanga na wenzake wawili kwenye kinu kimoja. Michi mitatu, kinu kimoja, na mdomo wa kinu wenyewe upana wake kama sahani. Mmoja anaanzisha wimbo, wenzake wanapokea, na kila mchi unashuka kwenye pigo lake. Hakuna anayeangalia mchi wa mwenzake. Macho yako kwenye nafaka, au kwa mtoto anayetambaa karibu na jiko. Siku moja nikiwa mdogo nilimwita bibi kwa sauti katikati ya wimbo. Akageuka, wimbo ukakatika, michi miwili ikagongana ndani ya kinu kwa kishindo. Sikurudia tena. Wavuvi nao wakikokota juya ufukweni hufanya vivyo hivyo: kamba haivutwi kila mtu anapojisikia, inavutwa kwenye pigo. Wimbo wa kazi unaipa mikono mahali pa kushika katika wakati, na kichwa kinabaki huru kufanya mengine.

Sasa twende Japani, mwaka 1978. Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito anatoa gemu inayoitwa Space Invaders. Kioo cheusi, wavamizi 55 wamejipanga safu tano za 11, wanatembea kwenda kushoto na kulia huku wakishuka taratibu, na wewe uko chini na kibunduki chako. Muziki wake ni noti nne tu za besi zinazoshuka, zikiisha zinaanza upya. Naomba tusaidiane. Gongeni meza pamoja nami, polepole: du... du... du... du...

[Ukumbi unagonga meza.]

Vizuri, msiache. Sasa nawaua wavamizi kumi. Ongezeni kidogo. Nimeua 20 wengine, ongezeni tena. Wamebaki watano. Amebaki mmoja!

[Ukumbi unagonga mbio.]

Basi, simameni. Mnaona mlivyokaa? Nusu yenu mmesogea mbele kwenye viti, na hakuna mvamizi hata mmoja humu ndani.

Kuna siri hapa ambayo fundi yeyote ataipenda. Wavamizi wale hawakupangiwa kuongeza kasi. Mashine ya wakati huo ilikuwa dhaifu, haikuweza kuwachora 55 kwa haraka, kwa hiyo walipopungua kazi ikawa nyepesi na waliobaki wakakimbia. Nishikado akaona inanoga, akaacha hivyo hivyo. Na yale mapigo ya besi yakaenda pamoja na mwendo wa wavamizi. Mchezaji hakuhitaji kuhesabu waliobaki, alisikia. Kwa noti nne, bila hata melodi, kazi zote mbili nilizozitaja zilikuwa zimetimia. Kila ninapomsikia prodyuza kijana akilalamika kwamba hana vyombo vya kutosha namkumbusha zile noti nne.

Mtaniuliza: noti nne zikirudiwa robo saa nzima hazichoshi? Swali zuri, na jibu liko kwenye namna sikio lilivyoumbwa. Sikio ni mlinzi wa usiku. Halifumbi hata ukilala. Lakini mlinzi mwenye akili hakuamshi kwa kila kitu. Akishakijua kitu na kuona hakina madhara, anakiacha kipite. Aliyezaliwa kando ya bahari analala fofofo na mawimbi yanapiga usiku kucha. Mlete mgeni kutoka bara, usiku wa kwanza anakesha, wa tano analala. Ubongo umeyazoea, haupeleki tena taarifa. Ila mawimbi hayo yakinyamaza ghafla, mwenyeji ndiye atakayeamka wa kwanza.

Lupu nzuri ya gemu, yaani kile kipande cha muziki kinachojirudia, inakaa kama mawimbi. Mara mbili tatu za kwanza unaisikiliza, baada ya hapo unaizoea na umakini wako wote unakwenda kwenye kioo. Na kwa kuwa ipo, inakuwa pazia. Nyumba zetu mnazijua: bodaboda inapita dirishani, jirani anagonga nondo, mtu anabishana na muuza mkaa. Kila mlio wa ghafla ni mlinzi anakugusa bega. Muziki wa chinichini unaifunika milio hiyo midogo isifike kwa ghafla. Na siku lupu itakapobadilika, hata kwa ngoma moja tu kuongezeka, mchezaji atashtuka kama yule mwenyeji wa pwani, kwa sababu amekwishazoea ilivyokuwa.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alianza kuandika katika miaka ya 1970 kuhusu ile hali mtu anapozama katika kazi hadi akasahau njaa na saa. Alisema hali hiyo huja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa anayeifanya: ikizidi anapata hofu, ikipungua anachoka. Wachezaji wa drafti, mafundi seremala, wapiga kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, wote mnaijua. Kwa maoni yangu muziki hauwezi kuileta hali hiyo kwenye gemu mbovu. Gemu ikiwa haina ladha, muziki mzuri utaifanya iwe redio. Unachoweza kufanya ni kuilinda hali hiyo ikishakuja.

Nirudi kwa Mario kidogo, maana watengenezaji wa gemu za simu mna la kujifunza pale. Famicom ilitoka mwaka 1983 na chaneli tano tu, yaani njia tano za kutolea sauti: mbili za melodi, moja ambayo wengi waliitumia kwa besi, moja ya mshindo unaofaa ngoma, na moja ya vipande vya sauti iliyorekodiwa. Humo humo muziki na milio ya mchezo vilipaswa kubanana. Koji Kondo alipotunga muziki wa Super Mario Bros., uliotoka 1985, alijua kwamba Mario akiruka, mlio wa kuruka unaipokonya wimbo chaneli moja, na noti kadhaa zinamezwa. Umecheza gemu hiyo mara ngapi? Uliwahi kuzikosa noti hizo? Hukuzikosa, kwa sababu sikio linalojua wimbo hujaza pengo lenyewe. Akili yako ilikuwa inaimba pamoja na mashine, kama yule mtoto wa Temeke.

Simu mnazotengenezea leo zina chaneli kadiri mnavyotaka, lakini spika yake ni ndogo kama kidole gumba na besi haitoki. Nimesikia gemu za vijana wetu ambazo studio zilikuwa moto, ukizifungua kwenye simu ya bei nafuu inabaki kelele ya juu tupu, imekaa palepale ambapo mlio wa hatari ulipaswa kusikika. Acheni nafasi. Sikilizeni kazi yenu kwenye simu mbovu kuliko zote nyumbani kabla hamjaitoa.

Mwaka 1990, kwenye Super Mario World, Kondo akafanya jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa. Mario akimpanda yule mjusi wake Yoshi, ngoma za bongo zinaingia juu ya wimbo uleule. Akishuka, zinatoka. Wimbo haujakatika, kasi haijabadilika, ila mwili wako unajua kwamba sasa uko juu ya mnyama. Hapa nipige kidogo...

[Anapiga kinanda: wimbo mfupi peke yake, kisha pamoja na ngoma.]

Mmesikia? Tangu hapo watu wakaufanya ufundi kamili. Mwaka 1991 Michael Land na Peter McConnell wa LucasArts walitengeneza mfumo walioupa jina iMUSE, wakautumia kwenye gemu ya pili ya Monkey Island: ukitoka nyumba moja kuingia nyingine, muziki unahama kwa kufuata baa zake, yaani mafungu ya mapigo yake, na vyombo vinabadilishana bila mkato. Na mwaka 2010, waliotunga muziki wa Red Dead Redemption waliandika karibu vipande vyote kwenye kii moja, yaani familia moja ya noti, ya A maina, mapigo 130 kwa dakika. Wanamuziki mliopo mnaelewa kwa nini. Ukiwa na kii moja na kasi moja, kipande chochote kinakaa juu ya kingine: gitaa la upweke nyikani, ngoma za ugomvi, filimbi, vyote vinaingia na kutoka wakati wowote na mchezaji hasikii mshono. Ni taarab na waimbaji wake, mwenye zamu anaingia, mwenye kumaliza anatoka, na kiti cha mpiga besi hakihami.

Sasa upande wa pili, na hapa wazazi naomba mnisikilize. Kuna vijana wanaoamini kwamba muziki ukiwa mkali zaidi, umakini unaongezeka zaidi. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson, wakifanya majaribio na panya, waliona kwamba mwamsho, yaani msisimko, ukiongezeka mnyama hujifunza vizuri, lakini katika kazi ngumu ukizidi kiwango fulani huanza kuharibu. Ukichora unapata kilima: unapanda, unafika kileleni, unashuka. Aliyesinzia hafanyi kazi, na aliyepandwa na mori naye hafanyi.

Warren Brodsky, wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, alilijaribu jambo linalofanana kwa madereva. Aliwaweka watu kwenye mashine ya kuigiza udereva na kuwapigia muziki wa kasi tofauti. Muziki ulipokwenda mbio, waliongeza mwendo, wakapita taa nyekundu, wakatoka nje ya mstari wao, wakagonga. Mimi nimepanda daladala miaka yote ya ujana wangu na sikuhitaji kuaminishwa. Kwa gemu za mbio za magari, basi, mtunzi ana mguu wake kwenye mafuta ya mchezaji. Ukimpa kasi moja ya juu kuanzia mwanzo hadi mwisho humpi umakini, unampa papara, na akifika kwenye kona ngumu huna tena pa kupanda.

La maneno nalo lina uzito wake. Pierre Salamé na Alan Baddeley walichapisha mwaka 1989 majaribio ambayo watu walioneshwa tarakimu wazikumbuke kwa mpangilio huku muziki ukipigwa. Muziki wenye mtu anayeimba uliwaharibia zaidi kuliko wa vyombo vitupu. Sababu ni kwamba unapokumbuka mfuatano wa tarakimu au maneno unajisemea moyoni, na sauti ya binadamu inaingia chumba hichohicho unachosemea. Hata lugha usiyoijua inavuruga kumbukumbu ya namna hiyo. Na unaposoma kitabu ili ukielewe, lugha unayoifahamu ndiyo inayokuvuta zaidi.

Kiswahili chetu kina kisa chake hapa. Mwaka 2005 ilitoka gemu ya kujenga dola inayoitwa Civilization IV. Ukiiwasha, kabla hujaanza kucheza, inasikika kwaya ikiimba Baba Yetu, ile Sala ya Bwana, kwa Kiswahili, muziki wa Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 ulishinda Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Mamilioni ya watu waliusikia bila kujua neno hata moja, kwao ni sauti nzuri zilizosukwa pamoja. Mara ya kwanza niliposikia nilikuwa nimeshika kipanya tayari kuanza, nikakiacha. Huwezi kusikia "Baba yetu uliye mbinguni" kwa lugha ya mama yako ukaendelea kupanga majeshi. Sisi peke yetu, kati ya wachezaji wote duniani, wimbo ule hauwezi kutukalia chinichini. Na waliouweka pale mwanzoni, kwenye ukurasa wa kuchagua, walifanya vema: hapo mchezaji bado hana kazi ya kichwa, anaweza kusikiliza kwa moyo wote.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeniuliza kama asome kwa kusikiliza Bongo Fleva namjibu: ukiwa unafua au unachora ramani, sikiliza. Ukiwa unasoma aya ngumu, tafuta muziki usiosema, na muziki wa gemu unafaa kwa hilo kwa sababu umetungwa ukae nyuma ya kazi ya mtu mwingine. Ila asikudanganye mtu kwamba muziki unaongeza akili. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake walitoa habari kwamba waliosikiliza Mozart kwa dakika kumi walifanya vizuri zaidi jaribio la maumbo, na dunia ikakimbilia kuuza santuri za watoto wachanga. Watafiti waliofuata walionesha kwamba kilichosaidia ni kuchangamka na kuwa na hali nzuri ya moyo, jambo ambalo wimbo wowote unaoupenda unaweza kukufanyia, na linapita baada ya muda mfupi.

Bado sijagusa ukimya. Nendeni kibanda chochote leo, watoto wanacheza mpira kwenye PlayStation. Nyimbo zinapigwa kwenye menyu, wanapochagua timu. Kipenga kikilia, muziki unanyamaza, unabaki uwanja: mashabiki wanaguna, wanapanda na shambulizi, wanalipuka. Ile kelele ndiyo muziki wa mechi, inakuambia hatari iko wapi hata kabla hujauona mpira. Kuweka biti juu yake ni kumfunika mchezaji masikio. Na kwenye michezo ya kuwindana kama PUBG, mechi inachezwa karibu bila muziki, kwa sababu nyayo za adui nyuma ya ukuta zina thamani kuliko wimbo wowote. Minecraft nayo inaweza kukuacha dakika nyingi na upepo na ng'ombe tu, kisha kinanda cha Daniel Rosenfeld, anayejulikana kama C418, kinakuja polepole, kinacheza kidogo, kinaondoka.

Kuondoka huko nakuheshimu sana. Wazazi wananiambia: mtoto akishika simu haachi. Wana haki. Wimbo usio na mwisho hauna mlango wa kutokea. Kila sherehe yetu ina wimbo wa kufungia, ukisikika watu wanaanza kutafuta viatu. Gemu nyingi hazina. Lupu inazunguka, hatua inayofuata inaanza katikati ya pigo, na mtoto hapati hata nukta moja ya kuinua kichwa. Ninyi mnaotengeneza mnaweza kuliweka hilo kwa makusudi: hatua ikiisha, acheni wimbo ufike nyumbani, noti ya mwisho ikae, kisha sekunde kadhaa za kimya. Mtoto atasikia mama anamwita. Najua wapo watakaowaambia kwamba kimya kinapoteza wateja. Mimi nasema mchezaji aliyepumzika anarudi kesho na akili timamu, na gemu itakayomheshimu ndiyo ningependa iandikwe jina la nchi hii.

Nimalizie na kosa langu, kwa kuwa ndilo lililonifundisha zaidi kuliko vitabu. Miaka miwili iliyopita kijana mmoja alinijia na gemu yake ya simu. Unaongoza ngalawa kwa kidole, unapita kati ya miamba ya matumbawe, upepo unabadilika, kina kinapungua. Akaniomba muziki. Nikatunga kwa moyo wangu wote: kanuni, dumbaki, rika, yaani tari ndogo yenye njuga, besi, na fidla inayoingia baada ya kama nusu dakika na kupiga solo ndefu. Ilikuwa nzuri, nasema kweli. Tukawapa watoto kadhaa wajaribu. Walianza vizuri, na fidla ilipoingia, karibu wote wakagonga mwamba. Tukarudia, vilevile. Nikamuuliza binti mmoja, wa darasa la sita, kulikoni. Akaniambia, "Nilikuwa nasikiliza."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Nilikuwa nimetunga wimbo unaomwita mchezaji, wakati ngalawa inamhitaji. Nikaitoa fidla yote. Nikabakiza besi na dumbaki, mapigo 96 kwa dakika, kama kafi inayopigwa na mtu asiye na haraka. Mwamba ukikaribia upande wa kushoto, rika inaanza kuchakacha upande huohuo wa sikio. Upepo ukizidi, dumbaki linajaza mapengo yake lakini kasi haipandi. Na pale kwenye mlango mwembamba kuliko yote, ambapo ngalawa inapita miamba ikikaribia kugusa ubao, nikaondoa kila kitu. Yanabaki maji tu yakipiga mbavu za chombo. Fidla nimeiweka mwisho, ngalawa ikishatia nanga.

Yule binti alirudi kujaribu. Alipofika kwenye mlango mwembamba na muziki ukaondoka, aliisogeza simu hadi karibu na pua, akaacha kupumua. Alipita. Fidla ikaanza, akaegemea kiti, akaisikiliza mpaka mwisho huku simu iko mapajani.

Simu tatu ziko pale mezani. Ya kwanza nimezima sauti kabisa, ya pili ina muziki wangu wa zamani na fidla yake, ya tatu ina huu wa sasa. Njooni mcheze, watoto watangulie. Mimi nitasimama nyuma ya atakayeshika simu ya kwanza, nimsikilize kama ataimba.